Gramu Ishirini na Sita na Nusu

Jumapili, 3 Novemba

Jumatano ni mtihani wa kemia kwa vitendo. Wasichana sabini na wanane, mimi mmoja. Nimeshindwa kukaa nyumbani, nimekwenda shule na Jumapili yangu nikasugua bureti zote arobaini na mbili, ile mirija ya kupimia asidi. Mbili zina nyufa. Zimebaki arobaini, kwa hiyo watafanya kwa makundi mawili, arobaini asubuhi na thelathini na wanane baadaye.

Miaka kumi na tisa katika maabara hii. Niliingia na ufagio. Mtunza maabara wa kabla yangu alipostaafu aliniachia funguo na daftari la vipimo — kaboneti, gramu 5.3 kwa lita; asidi, kiasi hiki kwa lita — nami nikawa napika kwa daftari lile bila kujua ninapika nini. Wananiita Mama Maabara, hata walimu. Jina kubwa, kichwa kitupu.

Lakini mwaka huu nimesoma! Mwalimu wangu ana miaka kumi na minane. Mama yake ni fundi cherehani, basi mimi namwita Binti Fundi. Siku moja alibaki nyuma kuosha vyombo, nikajikaza nikamwuliza moli ni kitu gani hasa. Kuuliza si ujinga, ingawa kwa umri wangu ilikuwa aibu. Hakucheka. Alisema kaboneti ni kiwiliwili cha shati, asidi ni mikono yake. Shati moja, mikono miwili. Mashati kumi, mikono ishirini. Tatizo ni kwamba vipande vyenyewe havionekani, huwezi kuvihesabu mezani, kwa hiyo unavipima kwa uzito. Na kiwiliwili na mkono havina uzito sawa, kwa hiyo usilinganishe gramu na gramu. Geuza kwanza gramu ziwe idadi — ndiyo moli hiyo — halafu tumia uwiano. Nimekaa miaka kumi na tisa karibu na jambo hili bila kuliona!

Anataka kusomea ufamasia. Nadharia itamsumbua, maana muhula mzima alikuwa anamuuguza mama yake. Vitendo ndivyo vitakavyombeba.

Na nyumbani ninaye wangu, binti wa mdogo wangu, nimemlea tangu darasa la tatu. Wote wawili wako kundi la pili.

Jumanne, 5 Novemba

Nimetengeneza. Kaboneti kavu, ule unga mweupe, gramu 53 katika lita kumi. Nimeitia kwenye ndoo yenye bomba. Asidi kwenye madumu mawili.

Mwalimu wa kemia amekuja kujaribu. Wasichana wanamwita Taratibu kwa sababu ndilo neno lake wakati wa kudondosha asidi — taratibu, tone kwa tone. Amechukua sentimita za ujazo ishirini na tano za kaboneti, akadondosha asidi, rangi ikageuka kutoka manjano kuwa waridi kwenye 25.0 kamili. Akaiandika kwenye fomu ya ripoti ya maabara, kwenye kisanduku cha jibu la shule. Wasahihishaji watalinganisha kila msichana na namba hiyo. Akikaribia, alama. Akiwa mbali, hana.

Unga umebaki gramu nane kwenye kopo. Nimeandika barua ya kuagiza. Wataleta mwakani, nawajua.

Jumatano, 6 Novemba

Ndoo! Kundi la kwanza wametoka saa tano, nimeenda kujaza chupa za kundi la pili — ndoo nyepesi. Bomba halikufungwa sawasawa. Lita tano zote zimekwenda na karo la kuoshea. Nani alifunga bomba? Mimi. Nani mwingine?

Dakika thelathini. Kundi la pili wamefungiwa maktaba wasionane na wenzao. Taratibu haruhusiwi kukanyaga humu, sheria ya mtihani. Msimamizi ni mwalimu wa historia kutoka shule nyingine, yeye ananiangalia mimi tu.

Unga gramu nane, ninahitaji ishirini na sita na nusu. Nikakumbuka chupa ya rafu ya juu. Kaboneti ileile, jina lilelile, ila ni chenga kama za chumvi ya mawe. Mwisho wa jina kuna nukta na maji kumi. Nikasema moyoni, maji si yanakwenda kwenye maji? Kuna ubaya gani? Nikapima gramu 26.5, nikakoroga katika lita tano. Ikayeyuka vizuri, safi kabisa. Nilijisifu!

Wamefanya. Wamemaliza. Yamekwisha.

Ila nilipokuwa napita kati ya meza kuokota vioo, nimeona kitu sikukipenda. Bureti zilikuwa zinasimama kwenye tisa. Meza hii tisa, meza ile tisa. Wasichana wanatazamana bila kugeuza shingo. Labda walikuwa bado wanaendelea. Nimechoka.

Alhamisi, 7 Novemba

Hawakuwa wanaendelea.

Binti Fundi amekuja stoo kurudisha koti la maabara. Alikunja koti mara tatu, akalikunjua, akalikunja tena. Kisha akaniambia kwamba rangi iligeuka kwenye tisa nukta tatu. Akarudia, tisa nukta tatu. Akarudia ya tatu, ileile. Karatasi ya maswali ilisema kila lita ina gramu 5.3 za kaboneti, ikataka watafute moli ngapi za asidi zinakula moli moja ya kaboneti. Alipokokotoa akapata robo tatu.

Robo tatu ya mkono kwa shati zima! Anajua kuliko mtu yeyote kwamba ni mbili. Yeye ndiye aliyenifundisha mimi kwamba ni mbili.

Nikamwuliza, sasa ukaandika nini.

"Mama, nimeandika nilichokiona," akasema. "Nilikosea wapi?"

Nimemwambia akapumzike, ana karatasi nyingine kesho. Mimi ndiye niliyemwambia hivyo, huku chupa iko juu ya kichwa chake, rafu ya tatu.

Alipotoka nikafunga mlango, nikaishusha. Nyuma ya chupa, kwa maandishi madogo: uzito wa moli moja, 286. Kwenye kopo la unga: 106. Nikachukua kalamu.

26.5 gawanya kwa 106, robo ya moli. Ndiyo niliyotakiwa kutia. 26.5 gawanya kwa 286 — haifiki hata moja ya kumi! Kila kipande cha kaboneti kwenye chenga zile kimebeba maji kumi mgongoni. Katika gramu zangu ishirini na sita na nusu, kumi na sita na zaidi ni maji matupu. Nilipaswa kupima sabini na moja na nusu.

Nikaendelea, nikazidisha kwa mbili, nikagawanya kwa nguvu ya asidi. Tisa nukta tatu. Binti yule hakukosea hata tone moja.

Kama ningebaki mjinga wa daftari leo ningekula chakula changu na kulala. Elimu hii nimeitafuta mwenyewe. Nimelia hapo stoo, nimelia kweli, nikajifuta na koti lake.

Imebaki chini ya nusu lita ya ule myeyusho. Nimeutia kwenye chupa, nimeandika tarehe, nimeficha nyuma ya sanduku la vitambaa. Sijui ninauhifadhi au ninauficha.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimemwambia Taratibu. Nilidhani atanifokea, ningefurahi angenifokea. Hesabu iliyonichukua nusu saa yeye aliimaliza kwa macho, akakaa kwenye kigoda cha maabara.

Nikasema dawa ni rahisi. Fomu ya ripoti bado iko ofisini kwa Mkuu, gari la kuchukua bahasha ni Jumatatu saa sita. Tuandike kwamba kundi la pili lilipewa myeyusho mwingine, jibu la shule kwao ni 9.3. Wasahihishaji wawapime kwa hilo. Kosa libaki langu. Wanifukuze, nimebakiza miaka mitatu tu.

Akaniuliza kama nimewauliza wengine waliandika nini. Sijawauliza. Yeye amewauliza. Kwenye korido, mmojammoja, kama mzaha. Ishirini na tano. Wote ishirini na tano! Wanajua uwiano ni mbili kwa moja, wameuimba mwaka mzima. Walipoona bureti inasema tisa, wakaamini uwiano, wakarudi nyuma nao mpaka wakapata namba inayotakiwa, wakaijaza kwenye jedwali. Wanaojua hesabu walikokotoa, wasiojua walichungulia.

"Ukiandika tisa," akasema, "unamwokoa mmoja na kuwazika thelathini na saba. Ule myeyusho hauwezi kutoa ishirini na tano hata uombewe. Kila mwenye ishirini na tano atakuwa amejitangaza kwamba ametunga. Watafutiwa matokeo."

Na tukinyamaza?

Tukinyamaza, thelathini na saba wamepata. Mmoja anapoteza swali zima, alama ishirini. Akasema huenda nadharia itamwinua. Nikasema haitamwinua, anajua hivyo, amemfundisha. Akaniomba nifikiri taratibu. Hata sasa!

Wanasema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Samaki mmoja akiwa mzima peke yake kwenye tenga, wahenga hawakutuachia neno.

Jumamosi, 9 Novemba

Nilikuwa najua jibu kabla ya kuuliza, ndiyo maana sikuuliza siku mbili nzima. Leo tumekaa tunapanga nguo mimi na binti yangu — ni wa mdogo wangu lakini mimi ndiye mama yake hapa — nikamtupia kama mtu anayeulizia hali ya hewa, ile ya Jumatano ulipata ngapi?

Akasema ishirini na tano. Huku anakunja soksi.

Nikasema, kweli?

Akacheka. Akasema kweli ilikuwa tisa na ushee, bureti mbovu hizo, lakini kila mtu anajua inatakiwa ngapi. Mara ya kwanza ameandika 24.9, ya pili 25.1, ya tatu 25.0. Ametia makosa kidogo ili ionekane imepimwa. Alikuwa anajivunia. Akili anayo, huyu mtoto, sijui aliipata wapi.

Nikamwuliza nani alimfundisha ujanja huo.

Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Si wewe, Mama mkubwa?"

Nimekaa na soksi mkononi. Ni mimi. Kila Alhamisi mwaka mzima, mazoezi yakichelewa, saa tisa na nusu imefika na bado sijaosha vyombo — napita nyuma ya meza nikiwanong'oneza, jibu ni ishirini na tano, andikeni twende nyumbani. Nimewafanyia hivyo wasichana wote, miaka kumi na tisa! Niliona ni huruma. Wananipenda kwa hilo. Mtunza maabara wa kabla yangu alikuwa anafanya hivyo pia, lakini yeye hayuko hapa kujibu.

Binti Fundi alikuwa haandiki mpaka aone mwenyewe. Nilikuwa namwambia anatuchelewesha.

Nimesema kichwa kinauma. Kinauma kweli.

Jumapili, 10 Novemba

Sijatoka. Nimeandika barua kwa Mkuu mara nne. Ya kwanza ndefu, najitetea. Ya pili najitukana. Ya tatu nimesahau kutaja gramu. Ya nne mistari mitano.

Nimejaribu kutafuta njia ya tatu. Kama ningesema sikumbuki ni meza zipi zilipata myeyusho upi. Kama ningesema mmoja tu ndiye aliyepewa chupa ya akiba — huyo mmoja! Kwamba myeyusho wake ulimwagika, nikampa mwingine, uliokosewa. Wengine wote wabaki na ishirini na tano yao, naye apimwe kwa tisa yake. Nimeipenda hii sana. Nimeibeba tangu asubuhi mpaka adhuhuri kama mtoto mchanga. Nikawa hata najua nitasimama wapi nikiieleza.

Halafu nikaona ninachokifanya. Najua jibu ninalolitaka, nimerudi nyuma kutoka kwake, nikajaza jedwali.

Ewe Mola, mbona hukuniumba mfagiaji nikabaki mfagiaji.

Saa kumi amepita Taratibu, hakuingia, amesimama mlangoni na kofia mkononi. Amesema asubuhi yeye hatasema kitu ila akiulizwa. Nikamwambia hilo nalo ni kusema.

Jumatatu, 11 Novemba

Saa tano kasoro. Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya Mkuu wa shule. Naandika hapa kwa sababu mahali pengine ninapotakiwa kuandika siwezi.

Niliingia saa mbili na barua ya mistari mitano. Mkuu aliishika mikononi muda mrefu kuliko mistari mitano inavyohitaji. Yeye ni mwalimu wa lugha, nilimweleza kuhusu maji kumi mgongoni, akaelewa mara moja. Hakugomba. Aliuliza kama kuna ushahidi au ni maneno yangu tu. Nikaenda kuleta chupa nyuma ya sanduku la vitambaa. Akamwita Taratibu, akamwambia apime mbele yake.

Amepima mara tatu. Mkuu aliinama akasoma mwenyewe, na miwani, kila mara. 9.3. 9.2. 9.3. Kisha akamwuliza Taratibu hii maana yake nini kwa wasichana, naye akasema yote. Mmoja na thelathini na saba. Hakuficha, namshukuru. Alisema na jambo ambalo sikutarajia aliseme, kwamba mmoja wa thelathini na saba anaishi nyumbani kwangu.

Mkuu akavua miwani. Nilitaka aamue. Nilimwomba aamue! Yeye ndiye Mkuu, ana muhuri, ana mshahara wa kuamua. Akasema yeye ataweka sahihi na muhuri chini ya chochote kitakachoandikwa kwa ukweli, na hataweka chini ya uongo, lakini kisanduku cha maelezo ya maabara hujazwa na mtunza maabara kwa mkono wake mwenyewe. Ndivyo fomu inavyosema. Akanionyesha. Ni kweli, iko pale, miaka kumi na tisa nimekuwa nikiandika "hakuna" bila kusoma.

Akanipa kalamu na fomu, akanitoa nje nikae. Akasema na yeye ataandika barua ya kuwatetea wasichana, kwamba walifundishwa vibaya. Hakusema na nani. Hajui kama itasomwa.

Saa tano na nusu. Dereva wa bahasha amewahi, anafuta kioo cha gari. Mtihani wa leo umekwisha, wasichana wanatoka. Binti Fundi amepita upande wa pili wa uwanja na begi lake, amenipungia mkono. Bado anadhani alikosea. Bado anatafuta alikosea wapi, namjua, atatafuta mwaka mzima.

Nimeandika sentensi ya kwanza. "Kundi la pili lilipewa myeyusho uliotengenezwa nami kwa kaboneti yenye maji, gramu 26.5 katika lita tano." Mwandiko mbaya lakini unasomeka. Chini yake pana kisanduku kidogo, jibu sahihi la myeyusho huo. Kitupu.

Mtoto amekuja. Amekaa kando yangu kwenye benchi, bega lake limegusa langu. Alidhani nimeitwa kwa sababu ya ndoo. Akasoma magotini mwangu, watoto hawa wanasoma haraka. Ameisoma mara moja tu.

Hakulia. Aliniuliza polepole, kama anauliza njia.

"Mama mkubwa, wewe ndiye uliyetuambia jibu ni ishirini na tano. Sasa leo unataka niwe nimeona nini?"

Ninaandika hapa ili nisimtazame. Mkuu amefungua mlango, amesimama na muhuri. Dereva amewasha gari. Mtoto ameuweka mkono wake juu ya fomu, hajaivuta, ameuweka tu, na chini ya vidole vyake, kwenye kile kisanduku kidogo, iko tisa ambayo nilishaiandika kwa wino kabla hajaketi.